Mgeni Njoo, Mwenyeji Achoke

Kuna watu bara wanaoamini kwamba mtu akishahamia Malindi hafanyi kazi tena. Hunipigia simu saa nne asubuhi, nimeinamia gunia la misumari natafuta ya inchi tatu, na swali lao la kwanza ni lile lile: "Uko bichi?" Siko bichi. Niko dukani. Nauza vifaa vya ujenzi karibu na steji ya magari: saruji, rangi, koleo, majembe, na mabati ambayo upepo wa chumvi huyala kabla mwenye nyumba hajamaliza kuyalipia. Mtu wa Nyeri haulizwi kila asubuhi kama leo ameupanda Mlima Kenya. Mimi lazima niwe nimeogelea.

Halafu Desemba inafika, na nchi nzima inakumbuka kwamba ina ndugu Pwani. Watu ambao mwezi Machi hawakujua kama niko hai, Novemba huanza kuniuliza afya ya watoto mmoja mmoja, kwa majina. Mwisho wa salamu huja swali lenyewe: "Na kile chumba cha nyuma, bado kipo?" Kipo. Hakijawahi kuondoka. Laiti kingeondoka.

Safari hii alikuja shemeji, kaka yake mke wangu, mkaazi wa Nairobi, pamoja na mkewe, watoto wao, na mama mkwe aliyechukuliwa Makueni "abadilishe hewa". Niseme mapema kwamba mama mkwe namheshimu, na malalamiko yote yaliyomo humu yamemruka. Walishuka treni Miritini, wakapanda matatu. Pale Kilifi mjini gari liliposimama, vijana wa korosho walijaa madirishani, na shemeji akanunua pakiti kubwa akisema ni zawadi yangu. Zamani, kabla daraja la Kilifi halijafunguliwa mwaka 1991, abiria alisubiri feri kivukoni hadi akanunua korosho, akazila, akajuta, akanunua nyingine. Siku hizi gari linaondoka upesi, mtu hapati muda wa kutubu. Zawadi yangu ilifika Gede ikiwa nusu, na Malindi ikafika karatasi.

"Shemeji," akaniambia akikung'uta chumvi mikononi, "tulikukumbuka."

Alikuja na programu kwenye simu. Kesho yake: kutazama samaki chini ya maji, kula vyakula vya Kiswahili, kupiga picha machweo. Kazi yangu, kwa mujibu wa programu, ilikuwa kupanga. Nilipomuuliza saa ngapi angependa twende baharini, alisema saa nane mchana, baada ya kupumzika. Nikamwambia bahari haifuati saa ya mtu. Siku za bamvua maji ya huku hupwa mnamo saa nne asubuhi na hujaa jioni, na kati ya kupwa na kujaa tofauti inaweza kukaribia mita 4. Ukienda yamepwa, matumbawe yako karibu na kioo cha boti na unayaona hadi mikunjo. Ukienda yamejaa, umelipia kutazama rangi ya kijani. Shemeji aliitazama programu yake kwa huzuni, akanitaka niongee na nahodha, labda kuna namna. Nikaongea na nahodha. Nahodha akacheka mpaka akakohoa, kisha akasema, "Ami, mwambie mgeni wako kesho maji yapwa saa nne. Kama ana namna yake, na aje nayo."

Asubuhi tukaanza na mahamri na mbaazi za nazi. Shemeji alishangaa watu wanakulaje maharagwe na maandazi alfajiri, akarudia kushangaa mpaka sinia likabaki tupu. Mama mkwe alichota mbaazi kidogo, akatafuna taratibu, akatoa hukumu:

"Hizi ni zetu."

"Zenu vipi, mama?"

"Mbaazi ni za Ukambani. Nyinyi mmezitia nazi tu."

Nilinyamaza kwa sababu ni mkwe, na pia kwa sababu ni kweli. Makueni, Machakos na Kitui ndiko mbaazi za nchi hii hulimwa kwa wingi. Mama wa watu alikuwa amesafiri siku nzima kuja kuandaliwa mazao ya shambani kwake. Ningekuwa yeye ningedai kupunguziwa.

Pwani, kule Casuarina, vijana wa bichi walitupokea. Mmoja akaniangalia machoni, mimi niliyezaliwa Shella ya hapa hapa Malindi, akaniambia: "Ciao, capo! Tutto bene?" Kijana huyu namjua. Mamake alinunua kwangu mabati ya jiko. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba mamake hajambo lakini bado hajamaliza kulipa, naye akarudi kwenye lugha ya mama upesi. Simlaumu sana. Waitaliano walikuja Ngomeni miaka ya 1960 kurusha roketi kutoka jukwaa lao la San Marco lililosimama baharini. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, hapo ndipo iliporushwa setelaiti ya Wamarekani iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza duniani kutumwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Roketi ya mwisho ilipaa mwaka 1988. Roketi zimekwisha, piza zimebaki, na vijana wetu wakimwona mtu yeyote mwenye kofia wanamwamkia Kitaliano.

Getini mwa hifadhi ya bahari hulipi kwa noti. Unalipa kwa simu, na simu inataka mtandao, na mtandao wenyewe nao ulikuwa likizo. Tukasimama juani tukiinua simu juu, ukoo mzima, mpaka ya mke wa shemeji ikakubali. Hapo mama mkwe akauliza tunalipia nini.

"Samaki, mama."

"Kilo ngapi?"

"Hatuwachukui. Tunawatazama."

Akafikiri. "Na wao wakitutazama sisi, wanalipa?"

Sikuwa na jibu, na hata leo sina. Hifadhi hii ya bahari ilitangazwa mwaka 1968 pamoja na ya Watamu, miongoni mwa za mwanzo kabisa Afrika. Ni ndogo, kilomita za mraba 6 na ushei, na humo ndani huruhusiwi kuvua, huruhusiwi kuokota kombe, huruhusiwi hata kuwarushia samaki mkate. Wazee wetu waliokuwa wakitega mitego yao huko walilalamika hadi wakaingia kaburini. Mjukuu wao analipa kuingia mahali babu alikuwa akiingia na kutoka na kitoweo. Nakubali kwamba samaki wakiachwa watulie ndani hukua, wakazaana, wakamwagika nje ya mpaka ambako mvuvi anawangoja. Nakubali. Lakini kukubali na kufurahi ni vitu viwili.

Boti ilikuwa ya kioo cha chini. Mama mkwe alikaa katikati, akashika mkoba wake kwa mikono miwili, akatangaza kwamba yeye majini haingii, aliyemuumba alimpa miguu. Kazi yake ikawa kuinamia kioo na kumuulizia kila samaki swali moja: "Huyu analiwa?" Changu, analiwa. Tafi, analiwa, mtamu. Chewa, analiwa, na ni ghali. Mkunga aliyetoa kichwa pangoni na kututolea meno: analiwa pia, na kwa sura ile yuko tayari kula. Kiti cha pweza: haliwi, mama. "Basi huyo yuko hapa kufanya nini?"

Sisi wengine tulivishwa maski na vile vibomba vya kupumulia. Kibomba changu kilikuwa na ladha ya watalii wote waliokitangulia, nchi na nchi, na kusafishwa kwake kulikuwa ni kuchovywa baharini mara moja. Kisha kijana wa boti akatufundisha kwamba ili kioo cha maski kisiingie ukungu, unakitemea mate, unasugua, unasuuza. Nimelelewa na watu wenye adabu. Nimeishi kwenye ndoa hii miaka mingi bila hata kupiga chafya kwa sauti mbele ya mkwe. Siku hiyo nilimpa mgongo mama wa mke wangu, nikatema mate kwenye kioo. Yeye akasema, "Tema tu mwanangu, nimeona mabaya zaidi."

Jambo jingine ambalo hawakuambii mpaka umeshalipa ni kwamba masharubu hayaelewani na maski. Maji hupenya kwenye nywele, yakapanda puani, na chumvi ikifika puani hukumbuki tena rangi ya samaki yeyote. Kijana akanishauri nipake mafuta ya mgando mdomoni. Nikamuuliza kama anayo. Hana. Ushauri Malindi haujawahi kukosekana, kinachokosekana ni mafuta.

Hata hivyo nikazamisha kichwa, maana pesa ilikuwa imeshakwenda. Cha kwanza nilichopata ni kelele. Nilidhani chini ya bahari kuna kimya, kumbe kuna kutafuna. Pono walikuwa kazini, wa buluu na wa kijani, wakiguguna mwamba kwa midomo yao migumu. Pono hukwangua mwani kwenye matumbawe yaliyokufa, akameza na jiwe lenyewe, akalisaga kooni, na kile kisichofaa akakiachia nyuma kikiwa mchanga laini mweupe. Sehemu kubwa ya mchanga mweupe unaosifiwa kwenye fukwe za matumbawe duniani imepitia tumboni mwa jamaa huyu. Nilipotoka majini nilimkuta shemeji amejilaza kwenye kifungu cha mchanga, mikono ameipanua, akipigwa picha ya kupeleka kwa wenzake wa ofisini. Nikamweleza habari za pono, tena kwa kirefu. Aliinuka upesi. Picha nadhani alishaituma.

Nahodha, ambaye ameijua bahari hii tangu utoto, alitaka tuone pia yale yasiyopendeza. Akasimamisha boti juu ya sehemu yenye mawe ya kijivu, yamevunjikavunjika. Akasema hapo palikuwa bustani hadi 1998, mwaka wa El Niño. Maji yalipata joto kupita kiasi, matumbawe yakawatoa mwani wadogo wanaoishi ndani yake na kuyalisha, yakageuka meupe, na mengi hayakupona. Sehemu nyingine zimeota tena, kisha joto likarudi. Shemeji alisikiliza kwa makini akiwa ameshikilia ukingo, nikadhani habari zimemwingia. Kumbe ni kigegezi. Mahamri yalirudi yote, na mbaazi za Ukambani nazo, mbele ya mama yake. Na kumbukeni kwamba kulisha samaki humo ni marufuku.

Tulipoteremka ufukweni, shemeji, aliyeonywa asisimame mwambani, alisimama mwambani. Akamkanyaga yule mdudu mweusi mwenye miiba mirefu. Hapo ndipo unajua Pwani kila mtu ni daktari. Mmoja alisema ndimu, mwingine maji ya moto, wa tatu akapendekeza dawa ambayo siwezi kuiandika mama mkwe akiwa hai. Mwisho akapatikana mwenye papai bichi, akalichanja, akampaka utomvu wake nyayoni, ile dawa yetu ya siku zote, na miiba ikaanza kulegea. Papai lenyewe nikauziwa kwa bei ya mtalii. Capo alilipa.

Chakula cha mchana tulikula mtaa wa zamani, kwa mama mmoja ambaye hana menyu wala haraka. Shemeji aliagiza samaki wa kupaka, akauliza kama atakuwa tayari baada ya dakika kumi. Yule mama alimtazama jinsi nahodha alivyoicheka ile namna yake. Samaki wa kupaka haharakishwi. Nazi ikunwe, ikamuliwe tui zito, tui lipikwe na kitunguu thomu, pilipili na ukwaju mpaka lishike kijiko. Samaki naye apasuliwe, achomwe kwenye makaa, apakwe, ageuzwe, apakwe tena. Tukangoja. Tukala viazi karai kwa chatini ya ukwaju. Tukamaliza viazi karai. Watoto wakala mabuyu mpaka ndimi zikawa nyekundu kama za wagonjwa. Shemeji akaanza kuulizia ugali na sukuma wiki, kwa sauti ya chini, kama mtu aliye ughaibuni. Samaki alipokuja na wali wa nazi, hakuna aliyesema neno. Mke wa shemeji alilamba vidole mezani, akaona nimemwona, akaendelea. Hapo sina malalamiko, isipokuwa kwamba bili ilipokuja, kila mtu aligundua ghafla kuwa ana mikono ya mafuta.

Jioni tukaenda penye nguzo ya Vasco da Gama, maana programu ilikuwa bado ina machweo. Mreno yule alifika 1498. Mombasa hawakuelewana, Malindi tukampokea, tukampa chakula, tukampa na rubani wa kumvusha hadi India. Shukrani yake ni nguzo ya mawe ambayo sasa tunaiingilia kwa tiketi. Ukitaka kujua ukarimu wetu ulianza lini kutugharimu, tarehe unayo.

Shemeji alisimama pale juu ya mwamba, akaitazama ghuba ya mji, na uso wake ukabadilika.

"Shemeji, mbona maji yenu machafu? Yamekuwa kama chai."

Hili nimelingoja kwa miaka. Nikamweka mkono begani, nikamwonyesha kaskazini. Kule, nikamwambia, ndiko unakomwaga Mto Sabaki. Juu ya Sabaki unaitwa Galana. Juu ya Galana ni Mto Athi ukishakutana na Tsavo. Na Athi unatoka nyanda za juu karibu na Nairobi yako, unapokea maji ya Mto Nairobi na yote mnayoutupia, kisha unapita kati ya Makueni na Kitui ukikusanya udongo wa kila shamba lisilo na matuta. Mvua za vuli zikinyesha huko, mwekundu wote unateremka hapa, na upepo wa kaskazi unausukuma kusini hadi mlangoni kwetu. Uchafu huu si wetu. Huu ni wenu. Umewatangulia tu, haukusubiri treni.

Shemeji akasema hayo ni maneno ya watu wa Pwani kulaumu bara. Basi nikamwambia habari ya tumbawe. Wanasayansi walitoboa tumbawe moja kubwa la hapa hapa Malindi, lililokuwa likikua kwa miaka 300 hivi, na mwaka 2007 wakachapisha walichokisoma ndani yake. Tumbawe huongeza tabaka mwaka hadi mwaka, na udongo wa mto unapofika baharini huacha alama ya madini ya bariamu kwenye tabaka la mwaka huo. Kwa muda mrefu alama zilikuwa hafifu. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, ukoloni ulipofungua mashamba na kuwabana watu kwenye ardhi finyu, zikaanza kupanda, na hazijarudi zilikokuwa. Lile tumbawe ni daftari la mkopo, sawasawa na langu la dukani: kila aliyechukua ameandikwa, na mwaka wake.

Kimya. Kisha mama mkwe, aliyekuwa ameketi kivulini anakula korosho nilizomnunulia mimi, akasema:

"Shamba langu lina matuta. Nilichimba na marehemu baba yao, tuta kwa tuta. Udongo wangu uko kwangu."

"Hakuna aliyesema wewe, mama," shemeji akawahi.

"Lakini lile tulilokugawia wewe, la mteremkoni, halina hata tuta moja. Tangu uhamie Nairobi mvua inalichukua tu." Akasimama, akaisogelea ghuba, akaikazia macho ile kahawia iliyotanda hadi mbali. "Kwa hivyo hili ndilo shamba lako."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Waliosema hivyo walimaanisha alime kwa mwenyeji. Siku ya tatu mama mkwe alikuja mwenyewe dukani, akapita mabati, akapita rangi, akaenda moja kwa moja kwenye majembe. Aliyagonga moja baada ya jingine kwa ukucha, akisikiliza, akachagua mazito mawili. Akayaweka kaunta, akamwita mwanawe.

"Lipa. Mpini tutakata nyumbani. Ukifika Makueni hupiti kwenda Nairobi."

Shemeji alinigeukia kwa lile tabasamu la Desemba. "Si sisi ni familia, shemeji? Andika tu."

Nikamwambia dukani kwangu siandiki. Ameshaandikwa kule baharini, na yule mwenye daftari hajawahi kumfutia mtu hata senti.